Bata mzinga wa sikukuu: somo la kuanzia bandani hadi kwenye sinia

Leo nachanganya mambo mawili ambayo watu wengi huyatenga, yaani ufugaji na mapishi ya sikukuu. Sababu ni swali ninalokutana nalo karibu kila Januari nikipita Kicheba, Mtindiro na Ngomeni: "Bwana shamba, nitapata wapi matetea ya kuanzia?" Nikiuliza wale wa zamani wako wapi, jibu ni lile lile: tumewala Krismasi. Au: tuliwauza ili watoto wapate nguo za Idd.

Sipingi mtu kula kuku wake. Kuku anafugwa ili aliwe. Shida ni kwamba wengi wetu tunakula mbegu. Sikukuu inafika hatujajipanga, basi anakamatwa yeyote aliye karibu na mlango, na mara nyingi ni yule koo mpole anayetaga vizuri. Somo la leo lina neno moja kubwa: kitoweo cha sikukuu kinapangwa miezi saba kabla, sio siku mbili kabla.

Sikukuu zetu na ukubwa wa sufuria

Muheza ni wilaya ya watu mchanganyiko. Wapo Wabondei, Wasambaa, Wadigo, Wazigua na wengine waliokuja kwa mashamba ya mkonge na kubaki. Magila pana misheni ya Waanglikana tangu karne ya 19, na misikiti iko kila upande. Utakuta ndugu wa baba mmoja, huyu anasali Ijumaa, yule Jumapili. Kwa hiyo banda linapigwa mara nne kwa mwaka: Krismasi, Pasaka, Idd el-Fitr na Idd el-Hajj. Hiyo ya mwisho mnyama wa kuchinja ni mbuzi, kondoo au ng'ombe, ila kuku naye haponi, maana wageni hawaishi.

Zipo desturi mbili ambazo naomba tuzitunze. Kwanza, hata nyumba ya Kikristo humwita Mwislamu aje achinje, ili jirani yeyote aweze kula bila wasiwasi. Pili, ni kupelekeana sahani. Watoto wanatumwa na sahani iliyofunikwa kitambaa, na sahani hairudi tupu. Ndiyo maana nyumba ya watu 6 siku hiyo hupika chakula cha watu 15.

Sasa piga hesabu. Jogoo wa kienyeji mwenye kilo 2 akishatolewa manyoya na utumbo anabaki na kilo moja na nusu hivi, anatosha watu 4 au 5. Watu 15 wanahitaji majogoo 3 au 4. Dume moja la bata mzinga lenye kilo 8 linabaki na kama kilo 6, na hao watu 15 wanashiba kutokana na ndege mmoja. Matetea yako yanabaki salama.

Marekani ndege huyu ndiye chakula cha sikukuu yao ya Shukrani, Alhamisi ya nne ya Novemba, na Uingereza ni wa Krismasi. Asili yake ni Amerika, ambako wenyeji wa Mexico walimfuga kabla Wazungu hawajafika. Huku kwetu nyumba nyingi ninazomkuta anafugwa kama pambo: anajitanua manyoya uani, watoto wanampigia mluzi anajibu, mwisho anazeeka hapo hapo. Huyo ni kitoweo, jamani.

Kalenda: hesabu kwa kurudi nyuma

Anza na tarehe ya sikukuu, kisha rudi nyuma.

1. Bata mzinga. Mayai huatamiwa siku 28. Ndege anakuwa tayari akiwa na wiki 28 hivi. Kwa Krismasi, mayai yaingie katikati ya Mei, vifaranga watoke katikati ya Juni. Jike lake anafunika mayai 12 hadi 15. Ukitumia koo wa kuku, mpe 6 hadi 8 tu, wala usichanganye na mayai ya kuku, maana hayo yanaanguliwa siku ya 21 na koo atanyanyuka aache mengine.

2. Kuku chotara, kama Kuroiler na Sasso. Hawa ni miezi minne hivi. Ukinunua vifaranga katikati ya Agosti, Krismasi una majogoo ya maana.

3. Kuku wa kienyeji anayejitafutia. Mpe miezi 6 hadi 8. Tenga majogoo ya Krismasi kuanzia Aprili na Mei.

Kwa Idd kumbuka kwamba husogea nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Usitumie tarehe ya mwaka jana. Angalia kalenda ya mwaka unaofuata, andika tarehe ukutani, halafu hesabu.

Malezi ya vifaranga

Kifaranga wa bata mzinga ni mzito wa kujifunza. Anaweza kufa njaa chakula kiko mbele yake. Siku tatu za kwanza mshike mmoja mmoja, chovya mdomo wake kwenye maji kisha kwenye chakula. Weka vijiwe au gololi zinazong'aa kwenye chombo cha maji. Atazidonoa, na hapo hapo atajua kunywa.

Joto analihitaji kwa wiki 4 hadi 6, hata huku kwetu pwani, hasa usiku wa Juni na Julai. Huna kipimajoto? Waangalie wenyewe. Wakijikusanya na kulia, ni baridi. Wakikimbilia pembeni na kuhema, ni joto. Ukitumia jiko la mkaa, mkaa uwe umekolea na hewa ipite, la sivyo utawakuta wamekufa kwa hewa chafu.

Chakula cha wiki 8 za kwanza kiwe na protini ya asilimia 26 hadi 28. Chakula cha kuanzia cha kuku kiko chini ya hapo, hivyo ongeza dagaa wa kusagwa na yai la kuchemsha lililopondwa. Baada ya wiki ya kwanza wakatie mchicha, majani ya viazi vitamu au mlonge. Wakikua wanapenda sana majani, na hapo ndipo unapookoa hela. Machicha ya nazi wape yakiwa mabichi siku hiyo hiyo. Yakilala yanaota ukungu na kuwaumiza.

Magonjwa mawili ya kukulaza macho

La kwanza ni mdondo, wengine wanaita kideri. Hauna dawa, una chanjo. Chanjo ya I-2 ni tone moja tu la jicho, inarudiwa kila baada ya miezi mitatu. Inastahimili joto kuliko chanjo nyingine, ila nayo haipendi jua. Chanja ndege wenye afya tu, na usingoje wiki ya sikukuu, kwa sababu kinga inahitaji kama wiki mbili kujijenga. Chupa moja inachanja ndege wengi na ikishafunguliwa haikai, basi patana na majirani mchanje siku moja.

Sasa sikiliza hapa vizuri. Msimu wa sikukuu ndio msimu wa kuku wa zawadi. Shangazi anashuka kwenye basi na jogoo kafungwa miguu, mgeni mwingine kanunua gulioni njiani. Tunamfungua, tunamwachia achanganyike na wenzake. Kama amebeba mdondo, baada ya siku chache banda zima linalala. Kuku wa zawadi achinjwe siku hiyo hiyo, au atengwe mbali siku 14. Shangazi hatakasirika ukimweleza. Na matumbo na manyoya yafukie, usiwatupie mbwa wala usiyaache jalalani.

La pili ni ugonjwa wa kichwa cheusi. Huu ndio unaomaliza bata mzinga wa watu huku kuku wako wazima, mtu anadhani amerogwa. Kidudu chake kinakaa ndani ya mayai ya minyoo ya kuku. Kuku anaweza kukibeba bila kuumwa, bata mzinga akikidonoa anakufa. Dalili ni kusinyaa, mabawa kuning'inia na kinyesi cha njano kama salfa. Kinga yake ni kuwatenga: banda lao, uwanja wao, vyombo vyao. Kuku nao wapewe dawa ya minyoo. Kama vifaranga waliatamiwa na koo wa kuku, waondoe kwake mara wanapokauka uwalee peke yao.

Tenganisha mbegu na kitoweo mapema

Wakifika miezi minne, chagua. Mbegu ni wale waliokua haraka, miguu imenyooka, hawajawahi kuumwa. Wafunge uzi mwekundu mguuni, na nyumba nzima ijue kwamba mwenye uzi haguswi, hata aje mgeni gani. Dume 1 linatosha majike 5 hadi 8. Waliobaki ni kitoweo na mauzo. Desemba wanunuzi ni wengi kuliko ndege, kwa hiyo mwenye bata mzinga watatu wa ziada anaweza kununua mchele na nguo za watoto bila kugusa mbegu.

Mwezi wa mwisho waongezee mahindi na pumba wanenepe. Dagaa waondoe wiki tatu kabla ya kuchinja, vinginevyo nyama itanuka samaki. Na kama ndege amepewa dawa yoyote, soma kibandiko ujue siku za kusubiri kabla ya kuliwa. Siku hizo zisipotimia usimchinje, usimuuze. Ndege aliyekufa mwenyewe hafai kuliwa, anafukiwa.

Kuchinja na kuandaa

Usiku wa kuamkia kuchinja asile, anywe maji tu. Mchinjaji afanye kazi yake kwa kisu kikali, damu itoke yote. Maji ya kunyonyolea yawe ya moto lakini yasitokote, maana yakitokota ngozi inachanika. Pasua kwa uangalifu usitumbue nyongo. Firigisi iweke pembeni, mwenyewe anajulikana.

Kama una friji, chinja jana yake, nyama ipumzike humo na viungo. Kama huna, chinja alfajiri upike siku hiyo hiyo. Kwa joto letu la Desemba, nyama mbichi isikae nje zaidi ya saa moja.

Mapishi: pilau na bata mzinga wa kupaka

Wengi hawana tanuri, na mimi nasema wala hatulihitaji. Kifua cha ndege huyu kinakauka upesi, paja linachelewa kuiva, ukimwoka mzima utapata shida hiyo. Nazi inamaliza tatizo. Kwa ndege wa kilo 6 na watu 15 fanya hivi:

1. Mkate kwenye maungio. Shingo, mgongo na mabawa ni ya pilau. Mapaja na kifua ni ya kupaka.

2. Twanga tangawizi na kitunguu saumu, changanya na chumvi, pilipili manga na maji ya ndimu. Paka vipande vyote, viache saa mbili mahali pa baridi. Iliki, karafuu, mdalasini na pilipili manga tafuta za Amani. Zinatoka milimani kwetu hapa hapa.

3. Chemsha mapaja na vipande vya pilau kwa moto mdogo kama saa moja. Dume la zaidi ya mwaka litataka zaidi. Kifua kiingie nusu saa ya mwisho. Nyama imeiva ukichoma penye unene maji yakatoka meupe, sio ya pinki. Supu usimwage.

4. Kuna nazi 4. Tui zito liweke jikoni na nyanya iliyosagwa, bizari, pilipili na chumvi. Koroga bila kuacha mpaka lishike, ukiliacha litakatika.

5. Panga mapaja na kifua juu ya makaa, upake tui, ugeuze, upake tena, mpaka lishikamane na nyama na kupata rangi. Litakalobaki mwagia juu wakati wa kupakua.

6. Pilau: kaanga vitunguu mpaka viwe vya kahawia, tia viungo na bizari nzima, tia vile vipande, kisha mchele kilo 3. Kwa vikombe 2 vya mchele tia vikombe 3 vya supu. Maji yakikaribia kukauka funika, palia makaa juu ya mfuniko, punguza moto wa chini.

Pakua kwenye masinia, toa kwanza sahani za majirani. Kinachobaki kisilale mezani. Kipashwe moto mpaka kitokote kabla ya kuliwa tena, watoto wasije wakaumwa matumbo siku ya pili.

Kazi ya kufanya wiki hii

Chukua daftari. Andika tarehe za sikukuu nne zijazo na idadi ya watu utakaowalisha kila moja. Hesabu ndege wanaohitajika, kisha rudi nyuma upate tarehe ya kuweka mayai. Hesabu na ndege ulionao, uwafunge uzi wale wa mbegu. Ukikwama, au ukitaka tupange siku ya chanjo kwenye kitongoji chenu, muone afisa ugani wa kata yako.

Januari nikipita, nataka nikute wenye uzi mwekundu wote wapo. Kazi njema, na sikukuu njema zikifika.