Jaji Akitoka Semina, Tunajuaje Kama Kajifunza?

Kila mwisho wa muhula tunaletewa ile fomu ya kutathmini wahadhiri. Wengi tunaijaza tumesimama. Mmoja anazungushia 5 kuanzia juu hadi chini awahi foleni ya chakula, mwingine anampa mhadhiri 1 kwa sababu tu matokeo ya jaribio yamebandikwa jana. Baada ya hapo fomu zinaondoka, na kuna mtu mahali anakaa kuzihesabu. Likizo iliyopita mtu huyo nilikuwa mimi, ila waliojaza fomu zangu walikuwa majaji na mahakimu.

Nasoma shahada ya elimu, upande wa elimu ya watu wazima, na sisi wa huku fildi yetu si lazima iwe shuleni. Nilipangiwa wiki nane katika ofisi inayoratibu mafunzo kazini ya maofisa wa mahakama. Wengi mkisikia mafunzo ya mahakama mnafikiria Lushoto, kwenye Chuo cha Uongozi wa Mahakama kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1998. Mimi sikupangiwa huko. Na wale waliodhani ningevaa joho, poleni: nilikaa chumba cha nyuma chenye mashine ya kurudufu, nikiingiza majibu ya madodoso kwenye kompyuta. Ni kazi ya utawala tu. Lakini ndani yake kuna swali ambalo darasani tunalipita haraka sana, yaani mafunzo yakiisha, tunapima nini hasa?

Wa elimu mnamjua Donald Kirkpatrick, yule wa Chuo Kikuu cha Wisconsin aliyechapisha makala zake mwaka 1959. Kwa ambao hawajafika kozi hiyo: mafunzo ya kazini, kwa mtazamo wake, yanapimwa kwa ngazi nne. Kwanza, mshiriki ameyapokeaje, ameridhika au amechoshwa. Pili, amejifunza nini ambacho jana hakukijua. Tatu, amerudi kazini akabadilika katika utendaji? Nne, mabadiliko hayo yameleta nini kwa taasisi na kwa watu inaowahudumia. Kwenye mtihani ukizitaja zote nne, kila moja na mfano wake, umepata alama zako. Ofisini mambo ni tofauti. Ngazi ya kwanza ni rahisi na bei yake ndogo. Kila unavyopanda, gharama inaongezeka, muda unaongezeka, na ujasiri wa kuuliza unapungua. Ndiyo maana ofisi nyingi huishia chini.

Chukua semina ya siku tatu ya uandishi wa hukumu. Fomu inagawiwa siku ya mwisho saa kumi jioni, katikati ya hotuba ya kufunga na kugawa vyeti. Dereva anasubiri nje, na mshiriki anafikiria safari ya alfajiri kurudi kituo chake cha kazi. Anajaza. Mada zilikuwa nzuri, mwezeshaji alikuwa mzuri, ukumbi ulikuwa mzuri, muda haukutosha, siku ziongezwe. (Siku zikiongezwa na posho inaongezeka, sisemi zaidi.) Nilipokuwa nikiandaa majedwali niliona kwamba ungeweza kubadilisha jina la semina juu ya ripoti na hakuna ambaye angegundua, jinsi wastani ulivyofanana.

Sidharau fomu hizo. Mahali penye nafasi ya maoni ya wazi ndipo palipo na chakula. Mshiriki mmoja aliandika kwamba mwezeshaji alisoma slaidi zake mwanzo hadi mwisho, na kwamba kusoma hata wao wanajua. Mwingine aliomba wakati ujao wapewe mafaili halisi yaliyofutwa majina badala ya nadharia. Sentensi mbili hizo zina faida kuliko kurasa kumi za wastani, lakini kwenye kiolezo cha ripoti hazikuwa na mahali pa kukaa. Ripoti ilitaka asilimia.

Tupande ngazi ya pili. Darasani jibu letu ni jepesi: toa jaribio kabla na jaribio baada. Haya, mpe jaribio Mheshimiwa Jaji. Ufaransa jambo hili lina unafuu, kwa sababu huko wengi huingia kazi hiyo wakiwa vijana, kwa mtihani, wakasomeshwa katika shule ya taifa iliyopo Bordeaux ambayo mwanzo wake ni mwaka 1958. Mwanafunzi kutahiniwa ni kawaida. Kwetu Katiba inataka mtu awe na sifa maalumu kwa muda usiopungua miaka kumi kabla ya kuteuliwa kuwa jaji wa Mahakama Kuu. Huyo aliyekaa mbele yako alikuwa anaijua sheria wakati wewe unajifunza kufunga kamba za viatu. Si suala la kiburi. Kazi yake inategemea watu kuamini uamuzi wake, na karatasi yenye jina lake na alama 43 ikizagaa mitaani, wadaawa wa kesho watasema nini?

Hapa elimu ya watu wazima inasaidia. Malcolm Knowles alisisitiza kwamba mtu mzima anajifunza akiwa na mzigo wa uzoefu wake, na anataka kuona tatizo la kazini kwake, si sura ya kitabu. Sisi Watanzania tusione hayo kama mageni. Mwalimu Nyerere aliutangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na walimu wa wakati ule walijua kwamba mkulima humpi jaribio kama mtoto wa darasa la pili. Njia niliyoiona ikifanya kazi ni faili la kubuni. Asubuhi ya siku ya kwanza kila mshiriki anapewa kesi fupi iliyotungwa, anaandika uamuzi wake kwa ukurasa mmoja. Siku ya mwisho anapewa nyingine inayofanana nayo kwa ugumu. Haandiki jina, anaweka alama ya siri anayoijua mwenyewe ili karatasi mbili zikutane. Tunaosoma hatujui ni ya nani, na yeye anajiona mwenyewe alikotoka na alikofika. Katika kusahihisha, kinachotazamwa si kama kesi kampa mdai au mdaiwa, bali kama ameeleza kwa nini.

Sasa ngazi ya tatu na ya nne. Nilidhani ugumu wake ni fedha na usafiri, kumbe sivyo.

Wiki ya tano ilikuja fomu ya ripoti kutoka kwa mfadhili wa mafunzo kuhusu kesi za ukatili wa kijinsia. Fomu nzuri, ina rangi. Safu mojawapo iliuliza idadi ya washtakiwa waliotiwa hatiani miezi sita kabla ya mafunzo, na miezi sita baada yake. Kwa mtu aliyetoka kusoma tathmini hilo ni swali tamu: linahesabika, lina kabla na baada, lipo kwenye ngazi ya nne kabisa. Nikaenda kwa mkuu wa kitengo kuuliza takwimu hizo nizipate wapi. Ni mtumishi wa miaka mingi, ofisi nzima tunamwita Mama.

"Shikamoo Mama. Hii safu ya saba tunaijaza kwa takwimu za wapi?"

"Marahaba mwanangu. Hiyo safu iache wazi."

"Watauliza."

"Waulize. Wewe ungekuwa mshtakiwa, na hukufanya kosa, ungependa hakimu wako awe ametoka semina ambayo inahesabiwa imefaulu akikufunga?"

Sikuwa na jibu, na sidhani lipo. Ukipima mafunzo kwa idadi ya waliofungwa, unakuwa umemwambia jaji namna ya kuamua, tena bila kufungua mdomo. Ibara ya 107B ya Katiba yetu inazitaka mahakama ziwe huru katika kutoa haki, zifuate Katiba na sheria tu. Dodoso halimo. Hata duniani jambo hili limefikiriwa: mwaka 2017 huko Ottawa, shirika la kimataifa la taasisi za mafunzo ya majaji lilipitisha tamko la misingi ya mafunzo hayo, na msingi mmoja ni kwamba mahakama na taasisi zake za mafunzo ndizo zenye dhamana ya maudhui na utoaji wake, ili uhuru wa majaji ulindwe. Mimi naongeza: na kipimo nacho ni sehemu ya maudhui. Mwalimu yeyote anajua kwamba mwanafunzi husoma kinachotoka kwenye mtihani.

Wapo wanaopendekeza tuhesabu hukumu zilizotenguliwa kwenye rufaa. Kidogo ina mantiki, kwa sababu rufaa ndiyo mahali halali pa kusema jaji kakosea. Ila mashauri mengi hayakatiwi rufaa kabisa, mara nyingine kwa sababu aliyeshindwa hana nauli wala wakili. Na rufaa inaweza kusikilizwa miaka kadhaa baada ya semina, wakati hata mwezeshaji kastaafu.

Tufanyeje basi? Tuache kupima? Hapana. Kuna vitu vinavyoonekana ambavyo haviingilii uamuzi, na kimoja sheria yenyewe imekwisha kutuandalia. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka hukumu iwe na hoja zinazopaswa kuamuliwa, uamuzi juu ya hoja hizo, na sababu za uamuzi. Ile ya mashauri ya madai nayo inataka maelezo mafupi ya shauri, hoja, uamuzi na sababu. Mnaona? Huo ni mwongozo wa kusahihishia uliotungwa na Bunge. Unaweza kusoma hukumu ukauliza kama hoja zimetajwa, na kama kila hoja imepewa sababu yake, bila kusema neno hata moja juu ya nani alistahili kushinda. Na hukumu nyingi hazijafichwa, zimo TanzLII, hata wewe ukiwa kitandani bwenini unaweza kuzifungua.

Masharti yapo. Msomaji asiwe karani kama mimi, awe mtu mwenye hadhi hiyo, jaji mstaafu kwa mfano. Hukumu zichukuliwe kwa sampuli, majina yaondolewe, na matokeo yaandikwe kwa ajili ya semina, si kwa ajili ya mtu. Ripoti iseme sehemu ya mafunzo iliyohusu uchambuzi wa ushahidi haikushika. Isiseme Jaji fulani wa kanda fulani haelewi. Siku taarifa hiyo ikiingia kwenye faili la upandishaji vyeo, hakuna atakayejaza fomu kwa ukweli tena, nawe unarudi kwenye ule wastani wa tano tano.

Halafu kuna swali la nani apewe sifa. Tuseme baada ya semina nakala za hukumu zinatoka mapema. Ni semina? Au kituo kimepata karani mpya? Au mfumo wa kielektroniki wa mashauri umetengemaa? Njia nafuu ambayo ofisi ndogo inaweza kuimudu ni kutumia umaskini wake. Fedha hazitoshi kuwafundisha wote kwa pamoja, kwa hiyo kuna awamu ya kwanza na ya pili. Basi wale wanaosubiri awamu ya pili ndio unaowalinganisha na waliokwisha kusoma. Mkipewa mradi wa utafiti mwaka wa tatu, kumbukeni hilo.

Mtu niliyemkosa katika makaratasi yote ya wiki nane ni mwananchi aliyeshindwa kesi. Aliyeshinda hana shida, ataisifu mahakama. Tom Tyler, katika kitabu chake cha mwaka 1990 kilichotokana na mahojiano na wakazi wa Chicago, alionyesha kwamba watu hujali sana kama utaratibu ulikuwa wa haki na kama walisikilizwa, si matokeo peke yake. Kwetu lina uzito zaidi kwa sababu ya lugha. Mahakama za mwanzo zimezoea Kiswahili siku zote, lakini huko juu kumbukumbu na hukumu zilikuwa za Kiingereza mpaka sheria ilipobadilishwa 2021 na Kiswahili kikawa ndiyo lugha ya mahakama. Majaji wakifundishwa kuandika hukumu kwa Kiswahili, anayeweza kusema kama somo limeingia ni yule mzee wa shamba lenye mgogoro, akiulizwa nje ya jengo: umeelewa kwa nini umeshindwa?

Wiki ya mwisho nilimwandikia Mama dodoso fupi la maswali matatu kwa ajili ya wadaawa. Umepewa nafasi ya kusema? Umeambiwa sababu za uamuzi? Unaweza kunieleza sababu hizo kwa maneno yako? Halina swali la kushinda wala kushindwa. Alilisoma akiwa amesimama, akafuta neno "tafadhali" lililokuwa kila mstari, akaniambia niandike barua ya kuomba kibali kwa Msajili, kwa sababu watu wetu hawawezi kusimama nje ya mahakama na karatasi bila ruhusa. Niliiandika. Nilipokuwa narudisha kitambulisho cha ofisi, ilikuwa kwenye trei ya mafaili ya kwenda kusainiwa.