Asumini ya Uani



Mara nyingi kurasa hizi husema habari za shamba. Leo twaingia uani. Wako wanaotuuliza kwa nini miasumini yao ina majani tele na maua haba, hata watu wa nyumbani hununua vikuba sokoni ilhali mche umesimama mlangoni.

Jawabu la kwanza ni jua. Mwasumini uliopandwa chini ya mwembe hutambaa tu ukitafuta mwanga. La pili ni kisu. Maua hutoka kwenye machipukizi mapya, na anayeuonea huruma mche wake asiukate, huvuna kichaka cha vijiti vikavu. Maua yakipungua, punguza matawi, tia samadi iliyooza vizuri, na maji yasituame shinani.

Mche hauna gharama. Kata kijiti cha shibiri moja, kisiwe kichanga mno wala kikongwe, ondoa majani ya chini, kisha fukia mafundo mawili katika mchanga wenye samadi kidogo, pahali pa kivuli. Kikishatia mizizi, baada ya wiki 4 hadi 6, kihamishie juani. Masika ndiyo wakati wake.

Lakini wengi hupotea katika kuchuma. Karafuu twaichuma tumba halijafunguka, kwa kuwa mafuta yamo ndani tayari. Likichanua, thamani hupungua. Asumini nayo huchumwa tumba, ila tumba lake halinukii. Harufu hutoka ua linapofunguka jua likichwa, saa ambayo nondo huanza kuruka, naye huliona kwa weupe na kulifuata kwa harufu. Basi chuma laasiri, tumba likiwa limevimba na kuwa jeupe pe. La kijani liache mtini, halitafunguka. Yafunike kwa kitambaa chenye unyevu, na ikifika Isha yatakuwa yamechanua kikubani. Anayechuma mchana wa pili huokota ya jana.

Mwenye nafasi na apande mlangilangi pia, lakini mbali na paa, kwani ukiachwa hupita mita 10. Ndugu zetu wa Ngazija na Nzwani, wanaokeneka mafuta yake na kuyauza ng'ambo, huukata kilele ungali mfupi, matawi yakainama hata mchumaji akayafikia bila ngazi. Ua lake lisichumwe kijani. Lingojee liwe manjano, ulichume alfajiri, kabla jua halijalipunguza harufu.

Wenye miasumini mikubwa twawaomba wawakatie jirani zao vijiti masika ikianza.

Katibu