Mvumbasi Mlangoni, Maboga Shambani

Katika vijiji vya kando ya Ziwa Tanganyika, karibu na Kalemie, watu hupanda maboga mvua zinapoanza. Mmea hutambaa vizuri na kutoa maua mengi ya manjano. Lakini mara nyingine viboga vichanga hunyauka na kuanguka. Hapo mwenye shamba huanza kumtazama jirani kwa jicho baya: “Ameniroga.” Hivyo ujirani huvunjika, na pengine mzee asiye na kosa hufukuzwa kijijini.

Mtu mwenye busara huchunguza ua kwanza. Mboga una maua ya namna mbili. Ua dume lina unga wa manjano, uitwao chavua. Ua jike lina kiboga kidogo chini yake. Chavua isipolifikia ua jike, kiboga hicho hufa. Upepo hauwezi kuichukua, kwa kuwa ni nzito, tena hunata. Mchukuzi wake ni nyuki. Naye sharti awahi, maana ua hufunguka alfajiri na kufunga siku ile ile. Ziko sababu nyingine za kuharibika, kama ukame na nzi wa matunda. Lakini jirani hayumo.

Basi, nyuki wavutwe karibu. Mvumbasi ni mmea wenye harufu kali na maua madogo meupe ambayo nyuki huyapenda. Huishi miaka kadhaa, wala hauhitaji kazi nyingi.

1. Mvua zikianza, kata kijiti chenye urefu wa shibiri moja, ukichomeke penye jua, mahali pasipotuama maji.
2. Acha hatua moja kati ya mche na mche. Mwagilia mpaka ushike mizizi.
3. Maua yakikauka, kata matawi mpaka kimo cha goti. Mmea utachipua tena, nao hautakuwa kichaka.
4. Majani chuma kwa kiasi, na maua waachie nyuki.
5. Usinyunyize dawa ya wadudu juu ya maua, wala usichome mzinga ili kupata asali.

Afanyaye hivyo atavuna maboga, tena hatakuwa na sababu ya kumsingizia mwenzake.

Maswali
1. Kwa nini kiboga kichanga hunyauka?
2. Ni nani achukuaye chavua?
3. Mtu aliyemsingizia jirani yake uchawi amtengenezeeje?