Dondoo muhimu: Lenzi moja kwa milima ya Usambara?
Ukiwa Irente, lenzi ya milimita 18 hadi 300 ni raha: unapiga tambarare yote chini ya genge, kisha kipanga anayepita, bila kufungua kamera kwenye ukungu au vumbi.

Msituni Magamba mambo hubadilika, maana kuna giza chini ya miti. Ukiivuta lenzi hiyo hadi 300, tundu lake kwa kawaida huishia f/6.3, ilhali lenzi nyepesi ya milimita 50 yenye f/1.8 huingiza mwanga takriban mara 12 ya huo. Kwa kinyonga, stendi itakuokoa, maana hana haraka. Mbega je? Utaambulia mkia wenye ukungu. Kingo za picha za lenzi ya 18 hadi 300 nazo hulegea kidogo, ingawa ukichapisha ndogo hakuna atakayegundua.

Mimi ningebeba zote mbili. Hiyo ya 50 inaenea mfukoni.