Kusoma Huanza Masikioni: Mtayarishe Mtoto Wako Kabla ya Kuingia PP1

Kila Januari, katika vituo vya chekechea kote Kilifi, mambo hujirudia. Mtoto wa miaka 4 anafika na begi jipya mgongoni, na mzazi anamwambia mwalimu kwa fahari, "Huyu anajua A hadi Z." Kweli, mtoto anazitaja zote bila kupumua. Lakini mwalimu akimuuliza, "Jana mlikula nini nyumbani?" anainamisha kichwa na kunyamaza.

Nyuma yake amesimama mama mwingine, ameshika mkono wa mwanawe na kuomba radhi: "Mwalimu, mimi mwenyewe sikusoma. Huyu sijamfundisha lolote." Mtoto huyo akiulizwa swali lile lile, anasimulia jinsi mbuzi alivyokata kamba, akaingia shambani kwa jirani, akala kunde, na nyanya akamfukuza kwa mwiko.

Kati ya hawa wawili, ni yupi aliye karibu zaidi na kusoma? Wengi wetu tungemtaja wa kwanza. Kumbe mama wa pili amefanya kazi kubwa bila kujua.

Kwa nini mazungumzo ni msingi

Mtoto anaposoma neno "mbuzi", anafanya kazi mbili. Kwanza anaunganisha sauti za herufi. Pili analitambua neno hilo kwa sababu analijua tayari, na picha ya mbuzi inamjia akilini. Akikosa kazi ya pili, anatamka tu bila kuelewa. Ndiyo maana maneno anayosikia na kuyasema kabla ya kwenda shule ni akiba atakayoitumia kila atakapofungua kitabu.

Akiba hiyo huwekwa nyumbani, kidogo kidogo. Unapomwogesha mtoto mchanga, zungumza naye na umpe nafasi akujibu kwa sauti zake. Unapokuna nazi, mweleze unachofanya: "Naikuna nazi, sasa naikamua, tui hili zito naliweka kando." Anapouliza "kwa nini?" mara ya kumi, jua kwamba anafanya kazi yake. Mjibu, kisha nawe umuulize.

Simu haiwezi kuchukua nafasi yako, kwa sababu haimsubiri mtoto ajibu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, halipendekezi watoto walio chini ya miaka 2 kukaa mbele ya skrini. Kwa wa miaka 2 hadi 4, linashauri isizidi saa 1 kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi.

Nimzungumzie kwa lugha gani?

Zungumza naye kwa lugha unayoimudu vyema, iwe Kigiriama, Kichonyi, Kiduruma, Kirabai, Kiswahili au nyingine. Wazazi wengi huiacha lugha ya nyumbani wakihofia mtoto atachelewa Kiingereza, kisha wanabaki na maneno machache ya kuamrisha: kaa, njoo, kula, nyamaza. Mtoto hukosa hadithi, mizaha na maelezo.

Anayejua kueleza mvua, deni, hasira au safari kwa lugha ya mama ana mawazo tayari. Lugha nyingine itampa majina mapya tu. Sera ya elimu nchini pia inaelekeza kwamba watoto wa chekechea na wa Gredi ya 1 hadi ya 3 wafundishwe kwa lugha inayozungumzwa katika eneo lao.

Michezo ya sauti

Kabla mtoto hajajua kwamba herufi ni alama ya sauti, ni lazima masikio yake yazoee kuzitenga sauti zilizo ndani ya neno. Hapa Kiswahili kinatusaidia, kwa kuwa irabu zake ni 5 tu na kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Jaribuni haya:

1. Kupiga makofi kwa silabi. Sa-ma-ki, makofi 3. Ba-ba, makofi 2. Kisha mpige makofi kwa majina ya watu wa nyumbani. Nani ana jina refu kuliko wote?

2. Kutafuta sauti ya mwanzo. "Naona kitu kinachoanza na sauti ma." Maji? Matunda? Makuti? Mchezo huu unafaa hata mkiwa kwenye matatu.

3. Kubadilisha sauti. Toa "pa" mwanzoni mwa "paka", weka "ka". Tunapata nini? Kaka. Mtoto akicheka, ameelewa.

4. Vitendawili. "Kitendawili!" "Tega!" "Nyumba yangu haina mlango." Mtoto hawezi kufikia yai bila kusikiliza kwa makini na kujenga picha akilini. Ndivyo msomaji anavyofanya pia.

Hakuna hata mchezo mmoja hapo unaohitaji mzazi anayejua kusoma. Babu na nyanya wanauweza, pengine kutushinda sisi.

Maandishi yako kila mahali

Nyumba isiyo na vitabu bado ina maandishi. Kuna pakiti ya unga, kalenda ukutani, jina la duka na maneno yaliyoandikwa nyuma ya tuktuk. Mwonyeshe mtoto kwa kidole: "Hapa pameandikwa chumvi." Ataelewa kwamba alama hizi zinabeba maneno, na kwamba tunazisoma kutoka kushoto kwenda kulia. Watoto wanaojifunza Kurani waelezeni pia kwamba Kiarabu huanzia kulia, hawatachanganyikiwa wakielezwa.

Unaweza pia kutengeneza kitabu. Kata katoni, shona kurasa kwa uzi, mwache mtoto achore, kisha kaka au dada anayejua kuandika aandike maneno ambayo mtoto mwenyewe ameyasema. Mkipata kitabu cha dukani, msikimbilie kukimaliza. Simama na uulize: Unaona nini hapa? Unadhani itakuwaje? Ungekuwa wewe ungefanyaje? Akitaka hadithi ile ile kila usiku, mpe. Kurudia ndiko kunakomfundisha.

Usiharakishe penseli

Kumlazimisha mtoto wa miaka 3 kujaza ukurasa kwa herufi "a", huku fimbo ikiwa mezani, kunamfundisha jambo moja tu: kwamba kusoma kunauma. Vidole vyake bado vinajengeka. Mwache achambue mchele, afinyange udongo, atunge shanga, achore mchangani kwa kijiti. Mkono ukipata nguvu, neno la kwanza kuandika liwe jina lake, kwa kuwa hilo analipenda.

Dalili za kuangalia

Watoto hawakui kwa kasi moja. Hata hivyo, nenda kituo cha afya kama mtoto hashtuki akisikia sauti kubwa, anatokwa na usaha masikioni, anakaribia mno kitu ili akione, au amefika miaka 2 bila kuunganisha maneno mawili kama "mama njoo". Unaweza pia kumweleza mhamasishaji wa afya ya jamii anayetembelea kijiji chenu. Mtoto asiyesikia vizuri mara nyingi huitwa mtukutu au mzito, kumbe anahitaji matibabu, au kufunzwa Lugha ya Ishara mapema. Kumficha ni kumnyima miaka ambayo haitarudi.

Wajibu wetu sote

Katiba ya 2010 iliweka elimu ya chekechea chini ya serikali za kaunti. Mtoto huingia PP1 akiwa na miaka 4 na PP2 akiwa na miaka 5, kisha hujiunga na Gredi ya 1. Tembelea kituo cha ECDE kilicho karibu nawe mapema, uulize kuhusu usajili, na ukifuatilie cheti cha kuzaliwa ikiwa bado hujakipata.

Lakini kabla ya miaka hiyo 4 kutimia, mwalimu ni wewe. Kwa wiki hii, anza na mambo matatu. Kila siku, mweleze mtoto kazi moja unayoifanya. Kila jioni, teganeni kitendawili kimoja. Na kabla hajalala, muulize, "Leo umeona nini?" kisha usikilize hadi amalize, hata kama ni habari ya mbuzi na kunde za jirani.