Jua Haki Zako: Ununuzi wa Gari la Mtumba Nchini Kenya

Magari mengi ya watu binafsi huingia Kenya yakiwa yamekwisha kutumika ng'ambo, hasa Japani, na kiwango cha KS 1515 cha Shirika la Viwango la Kenya huzuia lile lililopita miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Kinga hiyo ya bandarini huwafanya wanunuzi wengi wadhani kwamba sheria itawashika mkono vivyo hivyo hadi yadini, dhana ambayo ni kweli nusu tu. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, iliyofuata mfano wa sheria ya Uingereza ya 1893, ilirithi kanuni ya kale inayomtaka mnunuzi ajihadhari mwenyewe, kisha ikaipunguza makali kwa masharti machache ambayo nguvu yake hutegemea yale anayoyafanya mnunuzi, au anayoacha kuyafanya, kabla ya kutoa pesa.

Jambo la kwanza ni kumjua anayeuza. Kifungu cha 16 humtwika mwenye biashara ya magari wajibu wa kutoa gari lenye ubora wa kuuzika, yaani gari ambalo mtu mwenye busara, akijua umri na bei yake, angelipokea bila kulalamika. Wajibu huo haumfungi jirani anayeuza gari lake la pekee, ingawa naye hujibu mashtaka ya madai akithibitika kudanganya. Dalali ana hali ya tatu: kwa kawaida yeye ni wakala tu, na mkataba humfunga mwenye gari, ambaye mnunuzi huenda hajapata hata kumwona.

Kifungu hichohicho kina mtego usiosemwa sana. Mnunuzi akiwa amelikagua gari, sharti la ubora halihusu tena kasoro ambazo ukaguzi huo ulipaswa kuzifichua. Kwa hiyo anayezunguka gari mara mbili, akapiga teke gurudumu na kusema ameridhika, anaweza kujikuta amepoteza haki ya kulalamikia kutu iliyo wazi au mlango uliopakwa rangi isiyolingana na mwili wa gari, ilhali ufa uliojificha ndani ya injini hubaki mzigo wa muuzaji. Si ajabu, basi, kwamba muuzaji mjanja humhimiza mteja aangalie upesi. Dawa yake ni ukaguzi wa kina unaofanywa na fundi aliyechaguliwa na mnunuzi, wala si yule wa yadi, au na chama cha wenye magari cha AA Kenya, na matokeo yaandikwe pamoja na makadirio ya thamani, kwa kuwa karatasi hiyo itahitajika baadaye ikiwa fidia itadaiwa.

Mita ya kilomita iliyorudishwa nyuma inastahili kutajwa peke yake. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 huhesabu kuwa uongo kauli ya mfanyabiashara kwamba bidhaa imetumika kwa kiasi kisicho cha kweli, na humruhusu aliyedanganywa kuuvunja mkataba kwa kutoa notisi ndani ya mwaka 1. Sheria hiyo hutamka pia kwamba haki zake hazifutwi na makubaliano yoyote, kwa hiyo maneno "linauzwa kama lilivyo" yanayogongwa muhuri kwenye risiti hayamwondolei mwenye yadi wajibu aliowekewa na sheria hiyo, hata kama mnunuzi ameyatia sahihi.

Umiliki ndio upande wenye hasara kubwa zaidi. Kanuni ya msingi ni kwamba mtu hawezi kutoa haki asiyokuwa nayo, hivyo aliyenunua gari la wizi kwa nia njema hulirudisha kwa mwenyewe, kisha hubaki kumdai muuzaji, ikiwa bado anapatikana. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, humchukulia aliyeandikwa katika usajili kuwa mmiliki hadi ithibitishwe vinginevyo, na huzuia gari kutumika barabarani zaidi ya siku 14 baada ya kuhamishwa kabla ya mmiliki mpya kusajiliwa. Rekodi za Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani zilinganishwe na nambari ya chesi iliyochongwa kwenye gari lenyewe, kwani hati ya usajili, maarufu kama logibuku, inaweza kughushiwa. Hata hati halisi haimalizi shaka: tangu 2017 wakopeshaji husajili haki zao juu ya mali inayohamishika katika daftari maalumu, na mkopeshaji aliyejisajili aghalabu anaweza kulifuata gari hadi mikononi mwa mnunuzi. Bei iliyo chini mno kuliko ya magari ya aina hiyo mara nyingi huelezwa na deni la namna hii, na kupekua daftari hilo ni gharama ndogo mno ikilinganishwa na kunyang'anywa gari.

Kasoro ikijitokeza, muda huanza kuhesabiwa. Mnunuzi aliyelikubali gari, au aliyekaa nalo kupita muda unaofaa bila kusema kitu, hupoteza haki ya kulirudisha chini ya Sura ya 31 na hubakiwa na fidia, ambayo kwa kawaida ni tofauti kati ya thamani ya gari kama lilivyo na thamani ambayo lingekuwa nayo kama ahadi ingetimizwa. Malalamiko kwa maandishi, hata ujumbe wa simu wenye tarehe, ni ushahidi bora kuliko mabishano ya yadini. Dai lisilozidi shilingi milioni 1 hupelekwa katika Mahakama ya Madai Madogo, ambayo sheria huitaka iamue ndani ya siku 60; na kwa kuwa kinachodaiwa huwa ni tofauti ya thamani wala si bei nzima, hata mnunuzi wa gari la shilingi milioni 2 anaweza kuingia katika mlango huo.