Unauza taulo za mikrofaiba? Mfundishe mteja kuzifua kabla hajakurudishia mzigo

Somo la leo ni kwa wanaouza vifaa vya kusafishia magari mtandaoni, hasa hizi taulo za mikrofaiba za kukaushia na kung'arishia bodi. Biashara hii ina wateja wazuri, maana mtu anayependa gari lake harudi mara moja tu. Ila malalamiko yake nayo si mchezo. Mimi napokea ya aina mbili: "Boss, taulo yako hainyonyi maji," na "Boss, taulo yako imechubua rangi ya gari." Hilo la pili ndilo linalotisha, kwa sababu mteja hadai tena hela ya taulo, anadai hela ya polishi.

Kila anayelalamika namuuliza swali moja kabla sijabishana naye: umeifua na nini? Hapo ndipo unasikia mambo. Mmoja aliifua pamoja na mataulo ya kuogea, akatia ile dawa ya kulainisha nguo yenye harufu nzuri, kisha akaianika juu ya ukuta. Taulo ilikuwa nzima kabisa nilipomtumia.

Kwanza ujue unauza nini. Mikrofaiba si pamba. Nyingi ni mchanganyiko wa poliesta na poliamaidi (ndiyo nailoni), na kwenye pakiti utaona 80/20 au 70/30. Uzi wake ni mwembamba sana: mita 9,000 za uzi mmoja hazifikishi hata gramu 1. Halafu kiwandani uzi huo unapasuliwa, unabaki na pembe pembe na vijia vidogo katikati. Vile vijia ndivyo vinavyoshika maji na vumbi. Taulo ikiwa kavu, ipitishe kwenye kiganja chenye ngozi kavu, utasikia inakwaruza kidogo na kung'ang'ania. Hiyo ni dalili nzuri. Ikiteleza kama hariri, vijia vimeziba.

Kwa hiyo kufua mikrofaiba ni kuondoa kilichoingia kwenye vijia bila kuweka kingine. Ndiyo maana dawa ya kulainisha nguo hapana kabisa. Inaacha utando kwenye uzi, taulo inakuwa laini mkononi lakini maji inayasukuma tu huku na huku. Jiki nayo hapana, klorini inakula nailoni. Na moto mkali hapana: maji yanayochemka, pasi, mashine ya kukaushia iliyowekwa joto la juu. Huu uzi ni plastiki jamani. Ncha zikipata moto zinakakamaa, na ncha ngumu ndizo zinazochora rangi, hasa gari jeusi.

Sasa namna ya kufua, na nazungumzia beseni na ndoo, maana wateja wangu wengi hawana mashine.

Kung'uta taulo kwanza nje, mchanga utoke. Tengeneza maji ya uvuguvugu: lita 1 iliyochemka changanya na lita 4 za bomba, unapata kama nyuzi joto 40 hivi kwa hali ya hewa ya Dar. Tumia sabuni ya maji, kidogo tu. Sabuni ya unga si mwiko, lakini kwenye maji ya baridi chembe zake haziyeyuki zote, zinajificha ndani ya taulo. Kama huna nyingine, iyeyushe pembeni kwanza. Loweka nusu saa, fikicha taratibu, kamua, kisha suuza mpaka maji yatoke bila povu. Hapa kwenye kusuuza ndipo watu wanavivu. Sabuni iliyobaki inaziba vijia kama ile dawa ya kulainisha, na ukija kufuta kioo unapata michirizi.

Wanaotumia maji ya kisima yenye chumvi wana kazi ya ziada. Maji hayo yanaacha madini kwenye uzi na taulo inakakamaa hata kama umefua vizuri. Suuzo la mwisho weka siki nyeupe, nusu kikombe kwa ndoo ya lita 10, halafu pitisha maji safi. Lakini siki na jiki visikutane kwenye beseni moja hata kwa bahati mbaya. Vikichanganyika vinatoa gesi ya sumu. Hili ukimwambia mteja, mwambie kwa herufi kubwa.

Kuanika: kivulini, kwenye kamba, sehemu yenye upepo na isiyo na vumbi. Si kwenye majani, si ukutani, si juu ya boneti la gari. Ikikauka ikunje uweke kwenye mfuko safi au ndoo yenye mfuniko.

Kitu kingine ambacho wateja hawakijui ni kutenganisha. Mikrofaiba inashika kila kitu, ndiyo kazi yake, kwa hiyo ukiifua na taulo za pamba inabeba manyoya yote ya pamba. Na zenyewe kwa zenyewe pia hazifanani. Taulo iliyofuta rimu ina chembe za chuma zinazotoka kwenye breki. Ukiichanganya na ya bodi kwenye beseni moja, umehamisha msasa. Mimi huwashauri wateja rangi: bluu ya bodi, kijani ya vioo, kijivu ya ndani, nyeusi ya rimu na injini. Rangi zozote, muhimu asibadilishe. Taulo ikianguka chini, hata sekunde moja, hairudi kwenye bodi mpaka ifuliwe. Na mpya zifuliwe kabla ya kutumika, zile za rangi nzito peke yake, kwa sababu zinachuja.

(Unaona ushauri huu wa rangi unavyokusaidia na wewe? Mteja aliyekuja kununua 1 anaondoka na seti ya 4. Simdanganyi, anazihitaji kweli.)

Sasa upande wetu wauzaji. Maelezo haya yote ukiyaandika kwenye chapisho, mteja anasoma mistari miwili anaacha. Mimi nimetengeneza kadi ndogo. Karatasi moja ya A4 ukiikata inatoa kadi 8, kwa hiyo gharama yake ni ndogo sana. Kadi yangu inasema hivi:

"Nifue kabla ya kunitumia. Sabuni ya maji kidogo, maji ya uvuguvugu. Usinitie jiki wala dawa ya kulainisha. Usinipige pasi. Nianike kivulini. Usinifue na pamba."

Basi. Naiweka juu kabisa ndani ya mfuko, aione kabla ya taulo. Wiki 2 baadaye namtumia ujumbe WhatsApp: "Habari boss, taulo zinaendeleaje? Umeshazifua?" Wengi hujibu hapo hapo, na wengine wanaagiza tena bila mimi kuwaomba.

Kuhusu kurudisha mzigo, weka sharti wazi kabla hajalipa: taulo inarudi ikiwa haijafuliwa wala kutumika. Lakini usiwe mkali bila sababu. Akisema hainyonyi, mwambie adondoshe maji kidogo kwenye meza aifute, akurekodie video fupi. Ikiyasukuma, mpe njia ya kuiokoa: aloweke saa 1 kwenye maji ya uvuguvugu na siki, asuuze, afue upya kwa sabuni ya maji. Mara nyingi inarudi. Akidai inachora, aipitishe kwenye upande unaong'aa wa CD ya zamani, aangalie kwenye mwanga. Kama mpya kabisa inachora CD, huo mzigo ni mbovu, mrudishie hela yake na wewe kamuone aliyekuuzia jumla.

Nyingine haziokoki. Iliyopigwa pasi ikakakamaa haifai tena kwa bodi. Ile iliyofutia dawa ya seramiki nayo ni ya kutupa, kwa sababu dawa ikikauka ndani ya uzi inakuwa ngumu kama kioo na haitoki kwa sabuni. Mafundi wa ditelingi wanalijua hilo, ndiyo maana kwa kazi hiyo wananunua zile ndogo za bei rahisi, nyingi kwa mpigo. Ukipata fundi wawili watatu wa aina hiyo, waandike namba zao pembeni.